Kabla ya sindano, jaribu kifuniko

Katoni iliyonifundisha ilishuka Bukavu na boti kutoka Goma, kona yake moja ikiwa na unyevu. Niliipangusa, nikaiacha ikauke, nikaipanga rafuni kwenye depo yetu ya dawa. Wiki kadhaa baadaye muuguzi wa Kadutu, hapa hapa mjini, akanipigia: "Papa, unga wa hii seftriaksoni umeshikana." Ni antibiotiki ya sindano. Nikamwomba asimdunge mgonjwa, nikaenda mwenyewe. Kichupa hakikuwa na ufa, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado mbali. Lakini nilipoishika kofia ya alumini kwa vidole viwili, ilizunguka.

Tangu siku hiyo sipokei mzigo bila kuzungusha. Kofia ya alumini ndiyo inayoukandamiza mpira kwenye mdomo wa kichupa. Ikilegea, mpira haubani tena. Usidanganywe na kisahani cha plastiki cha juu, hicho chaweza kucheza kidogo bila shida. Shika alumini yenyewe. Ikizunguka, weka kando kichupa hicho, kisha jaribu vingine vingi vya loti ileile, yaani vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Ampuli, kile kichupa cha kioo kitupu kisicho na mpira, inua kwenye mwanga, utazame ncha iliyofungwa kwa kuyeyushwa. Mfuko wa seramu, yaani maji ya dripu, uminye taratibu.

Neno ninaloliogopa ni "haivuji, basi ni nzima". Bakteria wengi wana urefu wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na tundu la kuwapitisha linaweza lisidondoshe hata tone. Unga ndio kabisa: hauvuji, unanyonya unyevu kimyakimya.

Kuna wanaotumbukiza vichupa kwenye ndoo ya maji yenye rangi iitwayo bluu ya methileni, wakiona rangi haikuingia wanaridhika. Jamani, msifanye hivyo. Katika Famakopea ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, mpira wa kichupa hutobolewa kwanza kwa sindano mara 10, kichupa kikatumbukizwa kwenye bluu ya gramu 1 kwa lita, shinikizo la hewa likapunguzwa kwa kilopaskali 27 kwa dakika 10, kisha likarudishwa na kuachwa dakika 30. Ni badiliko hilo la shinikizo linaloisukuma rangi ipite penye upenyo. Ndoo haina nguvu hiyo, na kichupa kilicholoweshwa hakifai tena kwa mgonjwa. Viwanda vina mashine zinazopima uvujaji bila kuharibu dawa. Sisi tuna macho na vidole, tuvitumie vizuri.

Jambo moja la huku kwetu: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo vifuko vya dawa vilivyofungwa pwani huvimba kidogo. Kuvimba huko peke yake si kuharibika. Kinachonitia shaka ni kifuko kilicholegea kati ya wenzake waliotuna.

Siku hizi katoni yenye kona yenye unyevu naifungua palepale bandarini, mbele ya mwenye boti. Tunahesabu, tunaandika namba ya loti, tunasaini wote wawili, ndipo mzigo unapanda kwenye gari.