Tangi la maji baridi kugeuzwa la matumbawe: kwa nini chumvi inapanda?

SWALI: Nimefuga samaki wa maji baridi (yaani maji yasiyo na chumvi) kwa miaka tisa, na sasa nataka kufuga matumbawe katika tangi langu la lita 150, ambalo zamani nililitumia kutibu samaki kwa dawa ya shaba. Wiki mbili zilizopita nililijaza maji ya chumvi ya kipimo cha gramu 35 kwa lita, bila kiumbe chochote ndani. Maji yakipungua, naongeza mengine ya kipimo hicho hicho. Jana refraktomita (chombo cha kupimia chumvi ya maji) ilionyesha zaidi ya 41. Nimekosea wapi, na matumbawe niyaweke lini?

JIBU: Ndugu msomaji, chombo chako hakijakudanganya. Kinachopaa kutoka kwenye tangi ni maji peke yake. Chumvi yote hubaki. Ikiwa tangi lako hupoteza lita 2 kwa siku, nawe ukazirudisha kwa maji yenye chumvi, unaongeza gramu 70 za chumvi kila siku, yaani karibu kilo nzima kwa wiki mbili, na kiasi hicho kinatosha kabisa kuyatoa maji ya lita 150 kwenye 35 na kuyafikisha 41 na nusu. Kwenye maji baridi mazoea haya hayakukudhuru kwa sababu kilichoongezeka kilikuwa kidogo mno. Kuanzia leo, rudisha maji yaliyopaa kwa maji safi yasiyo na chumvi, na ya chumvi uyatumie tu pale unapotoa maji machafu na kuyabadilisha. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo, usawa wa maji, na kila asubuhi jaza hadi hapo. Kwa sasa, kwa kuwa hakuna kiumbe ndani, toa lita 23 au 24 na uweke maji safi badala yake. Kama kungekuwa na samaki au matumbawe, ningekuomba uifanye kazi hiyo kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Ninaposema maji safi, simaanishi ya bomba, ambayo mara nyingi huja na fosfeti, nitreti na wakati mwingine shaba ya mabomba yenyewe. Tumia yaliyopita kwenye chujio la osmosi ya kinyume (utando unaozuia chumvi na uchafu) na kumaliziwa kwa rezini (chembe zinazonasa mabaki). Unapochanganya chumvi, tia chumvi kwenye maji yanayozungushwa na pampu, usimwage maji juu ya chumvi, kwani ukifanya hivyo utaona wingu jeupe lisiloyeyuka: hiyo ni kalsiamu uliyoilipia ikigeuka chokaa.

Kuhusu shaba, nakusihi usiipuuze. Kiasi ambacho samaki hukistahimili huua konokono, kamba na matumbawe. Mawe, changarawe na sponji zilizokuwa ndani wakati wa tiba huifyonza na kuiachia polepole, kwa hiyo zisirudi tena. Kioo chenyewe hakinitii wasiwasi sana, lakini silikoni ya viungo vyake siiamini. Ukiwa na uwezo, nunua tangi jipya, na la zamani liwe la kutengea samaki wageni.

Bakteria wa chujio lako la maji baridi hawatakufaa hapa, hivyo mzunguko wa nitrojeni (kazi ya bakteria ya kugeuza amonia ya uchafu kuwa nitraiti, kisha nitreti) unaanza upya kwa mawe na bakteria wa baharini, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Usiuharakishe. Kwenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 8.2 sehemu ya amonia iliyo sumu huwa zaidi ya mara kumi ya ile ya kwenye pH ya 7, na maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko maji baridi ya joto lile lile. Amonia na nitraiti zikisoma sifuri, mwani wa kahawia utafunika mchanga. Hapo ndipo konokono waingie, kisha samaki mmoja au wawili.

Matumbawe laini yangoje mwezi wa tatu tangu uanze, na yale magumu yenye matawi membamba yangoje mwaka. Kabla ya hapo, hakikisha kwa wiki kadhaa mfululizo kwamba joto liko kati ya 24 na 26, alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) ni 8 hadi 9 kwa kizio cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita na magnesiamu 1250 hadi 1350. Ningependa zaidi uwe na alkaliniti ya 8 isiyoyumba kuliko inayopanda 9 leo na kushuka 7 keshokutwa. Tumbawe la kwanza liweke chini, mbali na taa, kwa kuwa hulishwa na mwani unaoishi ndani ya mwili wake, na mwanga mkali wa ghafla huweza kulifanya liufukuze mwani huo na kubaki jeupe; ukiliona linafunguka vizuri kila siku, lipandishe juu taratibu kwa muda wa wiki tatu au nne.