Programu ya bure imeanza kudai hela

Pole dada. Umesema programu ya kuhariri PDF kwenye kompyuta ya steshenari yako hapo Moshi ilikuwa bure miaka miwili, sasa inadai malipo kila mwezi. Hujatapeliwa. Bure ziko mbili. Moja ni ya hisani: mwenyewe anakuachia utumie, ila msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, kaufungia. Siku akichoka kuihudumia bila kipato, au akiiuza kwa kampuni, bei inawekwa na huna la kusema. Nyingine ni programu huria. Msimbo uko wazi na leseni inamruhusu yeyote kuuendeleza. Mwaka 2010, baada ya OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kuangukia mikononi mwa kampuni ya Oracle, baadhi ya watengenezaji wake walichukua msimbo wakaanzisha LibreOffice. Mpaka leo hulipi kitu.

Jaribu hiyo. Sehemu yake iitwayo Draw inafungua PDF na kuirekebisha, ingawa mpangilio huvurugika kidogo, sikufichi. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye flashi ya kijana wa mtaani yenye kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Niliwahi kukubali moja nikiwa Arusha, virusi vikala kazi za wateja za wiki nzima! Faili ni kubwa, mamia ya MB, kwa hiyo subiri bando la usiku.