Tamasha, kumbi ndogo na mji: maswali yenu

Tamasha la siku tatu litauingizia mji wetu fedha kiasi gani?

Swali hili halikauki, na kila likija haliji na takwimu. Idadi ya tiketi haitoshi. Watoe wakazi, maana hela yao wangeitumia mjini humohumo hata bila tamasha. Toa malipo ya wasanii wa nje, mitambo iliyokodiwa mbali na walinzi walioletwa na mabasi. Kisha toa gharama za mji wenyewe: polisi, usafi, magari ya wagonjwa. Kinachobaki ndicho kilichoingia. Ripoti inayozidisha mahudhurio kwa matumizi ya wastani na kuishia hapo, msiipokee.

Bendi za hapa zipige bure ili zijulikane?

Hapana. Na anayepangwa kupiga geti likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa hajulikani na mtu.

Promota ananitaka nisipige ukumbi wowote mjini siku 90 kabla ya tamasha na 90 baada. Nisaini?

Kilivyo sasa, usisaini. Kifungu hicho kina maana kwa msanii mkuu anayeuza tiketi. Kwa bendi inayoishi kwa shoo za Ijumaa, ni nusu mwaka bila riziki, na ukumbi wenu unakosa bendi yake muda huohuo. Mwaka 2010 mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois alilichunguza tamasha la Lollapalooza la Chicago kuhusu vifungu vya aina hii. Dai siku 14 kabla, sifuri baada, na kiguse kumbi za watu zaidi ya 500 tu. Halmashauri nazo zisijifanye hazihusiki: zinazotoa uwanja wa umma ziandike kwenye kibali kwamba wasanii wa mji hawafungwi.

Ghorofa jipya limejengwa jirani na klabu yetu na wapangaji wanalalamikia besi. Tuzime muziki saa 4 usiku?

Msikimbilie kuzima. Kwanza, nani alitangulia? Jimbo la Victoria, Australia, tangu 2014, na Uingereza (England) tangu 2018, kanuni zao za mipango miji zinamtaka anayeleta ujenzi mpya agharamie kinga ya kelele. Kama kwenu kanuni hiyo haipo, idaini, na wakati huohuo pimeni. Pimeni chumbani kwa mlalamikaji, madirisha yamefungwa, muziki ukipigwa na ukizimwa. Msitegemee desibeli za mizani A (dBA kwenye kipima sauti) peke yake, kwa sababu inaficha besi. Angalieni mizani C (dBC), na masafa ya besi ya 63 Hz.

Tafadhali acheni kuniuliza kuhusu trei za mayai na povu la ukutani. Vitu hivyo hupunguza mwangwi ndani tu. Besi hupita kama havipo, kwani kinachoizuia ni uzito wa ukuta na kuziba kila upenyo. Spika za besi zitoeni kwenye jukwaa la mbao na ukutani, zikae juu ya mpira mzito, la sivyo jengo lote linatetema nazo. Mlangoni wekeni milango miwili yenye nafasi katikati, ili mmoja ukifunguliwa mwingine uwe umefungwa. Mwisho fungeni limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango mlichoweka, baada ya miksa na ufunguo akae nao meneja. DJ mgeni asipewe.

Tunaitwa mji wa muziki, mbona tamasha likiisha hakuna kitu hadi mwaka unaofuata?

Kwa sababu tamasha halizai bendi. Kumbi ndogo na vyumba vya mazoezi ndivyo vinavyozizaa. Tamasha la SXSW lilipoanza Austin, Marekani, mwaka 1987 lilikuta klabu tayari zinapiga muziki. Tamasha la jazi la New Orleans, lililoanza 1970, linamilikiwa na taasisi isiyo ya faida inayoendesha pia shule ya muziki na redio ya WWOZ. Sauti za Busara ya Zanzibar inadai kila anayepanda jukwaani apige laivu, na sharti hilo peke yake linawapa wapiga ala sababu ya kufanya mazoezi. Kabla ya kuwapa waandaaji wenu uwanja tena, waulizeni kwa maandishi: ni sehemu gani ya kila tiketi itakwenda kwenye kumbi zinazofanya kazi wiki 51 zilizobaki? Wakishindwa kutaja asilimia, kibali kisubiri.