Sukari iko juu ya 14 asubuhi: ukimbie au usubiri?

Ndugu wa Kondele, umeuliza hivi: mashine inasoma 16.4 asubuhi kabla ya chai, unadunga insulini ya Mixtard asubuhi na jioni, na rafiki amekuambia ukimbie hadi ufukwe wa Dunga, hapo Kisumu, utoe jasho ili ishuke. Je, uende? Kwa namba hiyo pekee hakuna anayeweza kukujibu. Kinachoamua ni kama saa hiyo mwilini mna insulini ya kutosha.

Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu, na hapo rafiki yako hakukosea. Lakini insulini ikipungua sana, hakuna cha kulizuia ini lisimwage sukari zaidi, na mafuta ya mwili huanza kuvunjwa kuwa ketoni, ambazo ni asidi. Ukikimbia katika hali hiyo utaondoka na 16 urudi na 20, na ketoni zimepanda. Alfajiri kabla ya sindano ndiyo saa mbaya kwako, kwa sababu dozi ya jana jioni inaelekea kwisha.

Kwanza osha mikono kwa sabuni, ikauke, upime tena. Kidole kilichomenya embe au kushika muwa hudanganya mashine. Ikibaki juu ya 13.9 (mashine zinazosoma kwa mamia zitaonyesha 250), pima ketoni. Vijiti vya mkojo huuzwa kwenye maduka ya dawa. Chovya, hesabu sekunde zilizoandikwa kwenye chupa, kisha linganisha rangi. Funika chupa mara moja, maana unyevu huviharibu na hewa ya kando ya ziwa haina huruma. Mkojo pia huchelewa: unaonyesha hali ya saa chache zilizopita. Mwenye mashine ya ketoni za damu asome hivi: chini ya 0.6 ni sawa; 0.6 hadi 1.4: tafuta sababu na uirekebishe kwanza, mazoezi yangoje; 1.5 na zaidi: hakuna mazoezi; 3.0 na zaidi: nenda hospitali. Kwenye mkojo, alama ya ++ au zaidi inatosha kukubakisha nyumbani.

Hukusema kama una kisukari cha aina ya kwanza au ya pili. Aina ya kwanza, sukari juu ya 13.9 na huna kijiti cha ketoni: usiende. Aina ya pili, ukijisikia vizuri, umekunywa maji na ketoni hakuna, tembea hata kama iko 15 au 16. Ikipita 16.7, tembea polepole tu, na uache kabisa kama una kiu isiyoisha, unakojoa kila mara au mwili umelegea. Homa nayo inafuta mpango wote. Malaria inaweza kupandisha sukari na ketoni pamoja, kwa hiyo pima malaria kwanza. Ukitapika, tumbo likiuma au ukihema haraka na kwa kina, hilo ni jambo la hospitali, leo hii.

Wanaomeza vidonge vya kisukari vya dapagliflozini au empagliflozini wasitegemee ile 13.9. Kwa dawa hizo ketoni zinaweza kupanda sukari ikiwa karibu na kawaida, hasa ukiwa umefunga au unaumwa.

Sasa aina ya zoezi. Mbio za kasi, vyuma vizito, au kule Nakuru kupanda Menengai kwa kushindana na wenzako, hutoa adrenalini, na adrenalini huliambia ini litoe sukari. Mtu anaanza na 12 anamaliza na 15, anadhani mashine imeharibika. Mara nyingi hushuka yenyewe baada ya saa moja au mbili. Anayekimbilia kujidunga dozi kubwa ya kurekebisha ndiye huanguka baadaye. Sukari ikiwa juu, chagua mwendo wa kutembea unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Tembea dakika 15, pima. Imeshuka au imetulia, endelea hadi 30. Imepanda, rudi nyumbani.

Usiongeze Mixtard ili "ushushe kwanza ndipo ukimbie". Sehemu 30 kwa 100 ni insulini ya muda mfupi, lakini 70 ni ile ya polepole inayofanya kazi hadi mchana na kuendelea. Utakutana nayo ukiwa umeshasahau. Ningekuwa na ratiba yako, ningedunga dozi ya kawaida, ninywe chai bila sukari na chakula changu cha kila siku, kisha nisubiri kama saa moja na nusu baada ya kula, nipime tena, ndipo nitembee. Dunga tumboni, si kwenye paja utakalolitumia. Msuli unaofanya kazi huivuta insulini haraka.

Mfukoni beba sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye karatasi, hata kama umeondoka na 14. Kipimo kikishuka chini ya 4.0 unaikoroga kwenye maji, unakunywa, unapima baada ya dakika 15. Mazoezi yanaweza kushusha sukari hadi saa 24 baadaye, kwa hiyo pima pia kabla ya kulala. Wanaomeza vidonge vya glibenklamidi wako kwenye hatari hiyo hiyo. Kwa wanaomeza metformini peke yake ni nadra.

Maji: sukari ya juu huyatoa kwa mkojo, na jua la Kisumu huyatoa kwa jasho. Kunywa glasi mbili kabla, isipokuwa umewekewa kikomo kwa sababu ya figo au moyo. Soda ibaki dukani.

Viatu vifunike vidole, na ukung'ute ndani kabla ya kuvaa. Ukiwa na kidonda cha mguu, usitembee kwa mazoezi. Aliyeambiwa mishipa ya jicho inavuja damu asinyanyue vizito.

Ikiwa asubuhi inasoma 16 kila siku, tatizo ni dozi ya jioni, chakula cha usiku au insulini iliyoungua kwa joto. Andika vipimo vya siku saba, pamoja na cha saa tisa usiku, uende navyo kliniki. Hicho cha usiku ndicho daktari atakitafuta kwanza.