Kabla ya kulikataa neno "malaika" katika wimbo wa mapenzi

Tulipokuwa tukichagua nyimbo za harusi ya mdogo wangu wa kike, mjomba wetu aliukataa wimbo wa Malaika, akisema kwamba kumwita bibi harusi kwa jina la viumbe watukufu wa Mwenyezi Mungu ni kuvuka mpaka. Nilimjibu kwa pupa kwamba ule ni wimbo tu. Nilikosea, kwa sababu neno hilo yeye alilijali kuliko mimi.

Bibi, aliyekuwa akichagua mchele kando yetu, alimvuta kitukuu wake karibu na dirisha, akampitishia kidole juu ya mkono, pale penye vinyweleo laini visivyoonekana ila kwenye mwanga, akasema, "Hizi nazo ni malaika. Na huyu mwenyewe, kwa kuwa hana dhambi, ni malaika."

Tangu siku hiyo, ninamshauri kila anayetafuta alama za kiroho katika nyimbo za mapenzi aanze na neno linavyotumika nyumbani, kisha atazame limewekwa jirani na maneno gani. Katika wimbo huu, uliovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya na ambao Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya mwaka 1965, malaika amekaa jirani na mali na ndoa. Malaika wa imani zetu hawaoi wala hawaolewi; kijana huyu anatamani kumwoa wake, na kinachomzuia si mbingu bali ufukara. Kwangu mimi, uchungu wote wa wimbo umo humo.

Mashairi ya Kisufi yataka usomaji mwingine. Ibn al-Farid wa Cairo, aliyefariki mwaka 1235, alitaja divai na mpenzi huku akimkusudia Mola, yaani aliazima lugha ya mahaba ili amsifu Mungu, ilhali mwimbaji wetu ameazima lugha ya mbinguni ili ambembeleze binadamu. Asiyetofautisha njia hizi mbili ataona kufuru pasipo kufuru, au ibada pasipo ibada.

Nilirudi kwa mjomba, nikamwomba radhi, nikamweleza hayo yote taratibu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sawa, mjomba, uimbwe. Ila ule ubeti wa mali msiuruke."