Bolti Imekatikia Ndani: Majibu ya Maswali Yenu

Nilikuwa nafungua pampu ya maji ya Toyota IST, bolti mbili zimekatika. Moja imetokeza kidogo, nyingine imekatikia ndani. Fundi ameshashika drili. Nimruhusu? (Msomaji, Tegeta)

Mwambie aiweke chini kwanza. Iliyotokeza ndiyo bahati yako, usikubali isagwe. Inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, igonge kidogo kidogo kwa nyundo ndogo, iache ilale hadi kesho, kisha rudia. Baada ya hapo mtafute mchomeleaji aliyezoea injini, siyo wa mageti. Ataweka nati juu ya kipande hicho na kuchomelea kupitia tundu lake. Watu hudhani faida ya nati ni kupata pa kushika spana, kumbe kazi kubwa inafanywa na moto: bolti inatanuka, ikipoa inaachana na kutu iliyoigandisha. Izungushe ingali na joto, legeza kidogo, rudisha, legeza tena. Ukihisi inajisokota bila kuzunguka shinani, acha. Na betri ichomolewe kabla ya kuchomelea, maana kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, ikiungua utasahau kabisa habari ya bolti.

Ya ndani ndiyo ya drili, lakini kwa utulivu. Bolti nyingi za pampu hizi ni M6, yaani za unene wa milimita 6, zile za spana namba 10. Tundu la kupitisha tapu (kifaa cha kuchonga nyuzi) ya M6 ni milimita 5, kwa hiyo ukihama katikati kwa nusu milimita tu umeshaanza kula nyuzi za alumini. Piga alama ya senta panchi, anza na biti ndogo, mwendo wa taratibu, mafuta yasikauke. Alumini ni laini kuliko bolti, na biti hukimbilia penye ulaini. Niliwahi kuletewa injini ambayo tundu lilikuwa pembeni ya bolti, na chuma kimebaki ukutani mwa tundu kama mwezi mwandamo. Aliyetoboa alikuwa na haraka ya dakika kumi. Kuirekebisha kulichukua siku mbili.

Nimeona ekstrakta inauzwa bei rahisi. Ninunue? (Msomaji, Morogoro)

Kwa bolti ya M6 iliyoganda, hapana: ekstrakta, kile kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika, ni chuma kigumu na chembamba, ikikatikia humo ndani drili ya kawaida haitaiingia.

Bolti moja imegoma kutoka. Naweza kufunga pampu kwa zilizobaki na kuongeza silikoni? (Wasomaji wanne, wiki hii peke yake)

Hapana. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi. Silikoni haishiki pampu, bolti ndiyo inayoshika. Inayozidi inamenyeka ndani na kwenda kuziba rejeta, kisha mnaniandikia tena kwamba gari linachemsha.

Bolti zilizotoka zilikuwa na unga mweupe kwenye nyuzi. Ni nini? (Msomaji, Mbagala)

Asante kwa kuangalia, wengi huzifuta na kuendelea. Huo unga ni alumini iliyoliwa. Bolti ya chuma ikikaa ndani ya alumini na maji yakapenya katikati, alumini ndiyo inayoliwa, na unga wake huchukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe. Unga huo unaibana bolti mpaka inakatika kabla ya kuzunguka. Maji ya chumvi huharakisha jambo hili, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi.

Kila wiki naambiwa, “Huku hakuna barafu, kulanti ya nini?” Kulanti, kimiminika cha kupoza injini, ina dawa ya kuzuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Barafu ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, au nunua iliyokwisha changanywa. Mtu anayejaza rejeta kwa ndoo ya kisima anaandaa bolti za kukatika miaka michache mbele, na mara nyingi anayeumia ni yule atakayemuuzia gari.

Nakaza kiasi gani wakati wa kurudisha? (Msomaji, Tanga)

Fuata kitabu cha injini yako. Hukutaja injini, kwa hiyo nakupa makadirio: M6 kwenye alumini ni kama Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Bomba la kurefushia spana halina kazi hapa. Safisha nyuzi na ukaushe matundu, kwani maji au oili ikinaswa chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti inaweza kulipasua. Tundu linalotokea kwenye njia ya maji linahitaji gundi ya nyuzi. Urefu wa bolti haulingani, kwa hiyo siku ya kufungua chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itagota chini, wewe utadhani imekaza, kumbe gasketi bado iko huru.