Re: Askari wa Australia, "hajulikani alipo" kisha "ameuawa" (Fromelles 1916)

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: unamtafuta askari wa Australia wa Vita Kuu ya Kwanza; jalada lake la utumishi linasema alipotea katika mapigano ya Fromelles, kaskazini mwa Ufaransa, Julai 1916, halafu mwaka mmoja baadaye linasema aliuawa siku ileile, na kaburi hulioni.

Hilo si kosa la karani. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20, Divisheni ya 5 ya Australia ilipoteza watu 5,533, wakiwemo majeruhi na mateka. Wengi waliangukia upande wa Wajerumani, na jeshi likasubiri mabaraza ya uchunguzi ya 1917 ndipo litangaze vifo.

Anza na namba yake ya jeshi, maana majina yanafanana mno. Jalada la B2455 (mfululizo wa mafaili ya utumishi wa askari kwenye Hifadhi ya Taifa ya Australia) unalo tayari, kwa hiyo nenda kwenye mafaili ya Msalaba Mwekundu yaliyoko Australian War Memorial (jumba la kumbukumbu ya vita la Australia). Mimi huko ndiko hupata mengi: wenzake walihojiwa hospitalini, wakaeleza nani alimwona wapi. Wanapingana kweli, lakini soma wote.

Ukikuta ametajwa kwenye orodha ya vifo ya Wajerumani, changamka. Huenda walimzika Pheasant Wood, msitu ulio karibu na Fromelles, ambako miili 250 ilifukuliwa 2009 na baadhi ikatambuliwa kwa DNA.

Mambo ya medali waachie wajuzi wengine humu.